Mwingajini Kwenye Meza ya Kuonjea

Machi 4

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu, ingawa ananuna, na sababu utaiona mbele. Mpwa wako mkubwa amepata kazi kwenye duka la dawa. Mdogo wake naye anatafuta kazi kwa njia ya kulala. Mimi niko palepale kwenye kibanda changu cha viatu, kitambi kimetangulia, upara unafuata, na viatu vya binadamu wenzangu viko chini ya pua kutwa nzima.

Kopo lako limefika. Dada, nimekukosea nini?

Nilipolitoa kwenye kifurushi nilijipiga kifua mbele ya wateja. "Mnaona? Dada yangu huyu ndiye mwonjaji mkuu wa kiwanda kizima cha kahawa. Leo mtakunywa wanachokunywa wakubwa." Nikainjika maji kwenye jiko langu la kupashia gundi. Walikuwepo mwalimu aliyefuata viatu vyake, na muuza magazeti ambaye hana viatu kwangu ila hukaa tu. Mwalimu alipiga funda moja, akatazama chini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Muuza magazeti hana adabu hiyo. "Fundi," akasema, "hii umeichemsha na soksi?"

Nilitaka kumfokea, lakini na mimi nilikuwa nimeshaonja.

Ndipo nikaona kikaratasi chako chini ya kopo. Kumbe si kahawa. Ni mbegu za mwingajini, umezichuma, umezikaanga na kuzisaga kwa mikono yako! Mwingajini, Dada. Kile kichaka cha maua ya njano kinachoota nyuma ya vyoo na kwenye majalala, ambacho ukigusa jani lake tu unajinusa nguo hadi jioni. Hata mbuzi hukipita kwa mbali, na mbuzi ni mtu anayekula maboksi.

Umeandika, "Niambie ina ladha gani." Haya. Mkaa uliozimwa kwa maji ya kuoshea masufuria. Kisha, ukishameza ukadhani yamekwisha, kinapanda kitu kingine kutoka chini, kama njugu zilizooza ndani ya kiatu cha mpira. Wifi yako amefungua madirisha yote na bado anayaangalia kama hayatoshi.

Kama ulikuwa utani, umenipata.

Ndugu yako mwenye kinywa kibaya.


Machi 19

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia habari za kazi ya mpwa wangu. Mwambie asiuze dawa bila kusoma karatasi. Goti linaendelea hivyohivyo. Paa la jikoni linavuja tena, na tangu shemeji yako afariki sijapata fundi anayepanda juu bila kuvunja kingine.

Si utani. Sikukuuliza kama umeipenda, nilikuuliza ina ladha gani. Umejibu vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nikueleze. Kiwanda chetu hununua kahawa iliyokwisha kusagwa kutoka kwa wasagaji wadogo, tunaichanganya, tunaifunga, inakwenda madukani. Kuna maneno kwamba msagaji mmoja anachanganya mwingajini humo. Watu wamekunywa mbegu hizo tangu zamani pale kahawa ilipokosekana, na hakuna ubaya kama mtu anajua anachokunywa na zimekaangwa hadi ndani. Mbichi zina sumu. Lakini kuziuza kwa jina la kahawa ni wizi, na anayekaanga kwa haraka ya wizi hakaangi hadi ndani. Kazi yangu ni kuzikamata kwenye kikombe. Mzigo haupiti bila muhuri wangu. Wenye kiwanda wenyewe watakuja mwisho wa Juni kunitazama nikionja.

Kopo lile nililikaanga ili niwe na mfano. Kweli liliungua kidogo; majirani walikuja mbio na ndoo za maji.

Sasa nakutumia pakiti tatu. Kuna iliyo safi na kuna isiyo safi. Onja kila moja, niandikie. Mimi nimezoea mno, ulimi umekuwa wa kazi. Nataka ulimi wa mtu wa kawaida.

Msalimie wifi. Mwambie afunge madirisha, mbu wataingia.

Dada yako.


Aprili 2

Dada,

Sisi wazima, isipokuwa mimi, ambaye sasa naitwa "Mwonjaji" mtaani kote, na wanaposema hivyo hutema mate pembeni. Wifi yako amenipa kikombe changu peke yangu na ameniambia nisikirudishe kabatini.

Pakiti tatu zimefika. Nilijua zimefika kabla mtu wa posta hajashuka kwenye baiskeli, maana upepo ulikuwa unatoka kwake. Alinikabidhi kifurushi kwa vidole viwili. "Mzee, humu kuna nini? Begi zima la barua linanuka. Kuna bibi mmoja amekataa kupokea kadi ya mwaliko wa harusi."

Mafuta ya taa, Dada. Boksi limelowa, karatasi zimelowa, barua yako yenyewe niliisoma nikiwa mbali na jiko ili nisilipuke. Lakini uliniagiza nionje, na mimi tangu utoto nikiagizwa na wewe huwa siulizi. Pakiti ya kwanza: mafuta ya taa. Ya pili: mafuta ya taa, na nyuma yake uchungu wa kukwaruza. Ya tatu: mafuta ya taa, na huzuni. Nilicheua hadi usiku. Nikamkaribia mwenye sigara, akaizima.

Sasa niache mchezo kidogo.

Mwaka jana ulipokuja kututembelea, hata begi hujaweka chini, ulisimama mlangoni ukasema, "Kuna kitunguu kimeoza nyuma ya kabati." Tukabisha. Tukasogeza kabati. Kilikuwepo, kidogo kama kifungo cha shati, kimeota ndevu. Watu wa kiwandani kwako wanasema uliwahi kukataa gunia kwa sababu lilisafiri na samaki kwenye lori moja. Mwanamke huyohuyo amefunga kifurushi kinachotiririka mafuta ya taa, akakibandika stempu, akakipeleka posta kwa mkono wake, asione neno. Na kabla ya hapo aliunguza mbegu mpaka majirani wakaja na maji.

Dada, pua yako iko wapi?

Nauliza kama ndugu. Kama nakosea, nitukane, nitapumua.

Mdogo wako.


Mei 9

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi.

Huku salama. Paa limepata fundi. Amevunja vigae vya upande wa pili, kama nilivyosema. Nimepanda maua mbele ya nyumba. Jirani yangu yule mwenye sauti amerudi kutoka kwa mwanawe. Alipita kunisalimia, akasimama sebuleni kidogo, akaniambia kuna panya amefia chini ya kochi. Tukamtoa pamoja. Nilimshukuru.

Mafuta ya taa, chupa ilipinduka. Inatokea.

Ile pakiti ya pili, uchungu wake ulikuwa mbele ya ulimi au nyuma? Hukusema. Nakutumia nyingine nne. Hizi nimezifunga kwenye nailoni na nimemwomba jirani aangalie boksi kabla sijalifunga.

Dada.


Mei 20

Dada yangu,

Hatujambo. Mpwa wako anayelala ameamka, ameomba kazi ya ulinzi, atalipwa kwa kukesha. Mungu ana utani.

Panya, Dada. Nimesoma sentensi ile, nikaweka barua chini, nikaenda kunawa mikono. Panya ameoza sebuleni kwako, chini ya kochi unalokalia, mpaka jirani akapita. Na wewe umeiandika hiyo katikati ya vigae na maua, kana kwamba ni habari ya paa.

Pakiti nne zipo juu ya kabati. Sijazifungua na sitazifungua mpaka unijibu swali la Aprili. Si hasira. Mimi hasira zangu unazijua, huisha kabla chai haijapoa. Ni woga. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza, lakini usiniulize tena mbele ya ulimi au nyuma ya ulimi kama vile mimi ni punguani. Mimi ni punguani wa viatu tu, mengine nayaona.

Nasubiri.

Mdogo wako.


Juni 3

Mdogo wangu,

Haya. Sina.

Iliondoka na ile homa ya mwanzo wa mwaka. Niliandika kwamba nilipata mafua, ukanicheka. Nilipopona nilikoroga uji, nikautia mdomoni, nikadhani nimesahau sukari. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Daktari wa masikio na pua alinimulika tochi, akasema huenda itarudi, huenda isirudi, kama mtu anayezungumzia paka.

Unataka kujua kukoje? Wali ni karatasi iliyolowa. Nyama ni kitambaa. Juzi nimekunywa maziwa na nikagundua yameharibika kwa sababu kulikuwa na mabonge yanayoteleza kwenye meno. Yai siwezi tena kulipasua bila kumwita jirani. Najinusa kwapa kila asubuhi kwa mazoea, na kwa kuwa sijui, naoga mara mbili, halafu nakaa kazini nikiwa nimebana mikono kama kuku. Ninajichukia, mdogo wangu. Chakula kinanitia kinyaa kwa sababu hakinitii chochote.

Kazini nimeendelea. Nachota kijiko, navuta kwa sauti, nazungusha mdomoni, natema kwenye ndoo. Uso najua kuuweka, nimeuweka miaka yote. Nikishatema namtazama msaidizi wangu. Tunamwita Kijiko, kwa sababu anatembea na kijiko chake cha kuonjea mfukoni hata sokoni. Mama wa watoto watatu, ulimi mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Kahawa ikiwa mbovu nyusi zake hupanda kabla hajajua. Nyusi zikitulia, nagonga muhuri. Tangu Januari zimetulia.

Lakini maduka yameanza kurudisha pakiti. Mwenye duka mmoja ameandika kwamba wateja wake wanauliza kama tunafungia kahawa chooni. Sasa sielewi. Ama wateja ni waongo, ama nyusi za Kijiko zimekufa.

Pakiti nne zile zimetoka kwenye mzigo mkubwa wa msagaji anayeshukiwa. Ndio mzigo nitakaouonja mbele ya wenye kiwanda. Onja. Niandikie ndiyo au hapana, nitafuata neno lako.

Na usiniambie niseme ukweli. Nikisema, wananitoa siku hiyohiyo. Sina mume, sina mtoto, nina nyumba inayovuja na kinywa hiki. Nisipokuwa mwonjaji mimi ni bibi mwenye goti.

Dada yako.


Juni 14

Dada yangu,

Wifi yako alisoma barua yako baada yangu. Amelia, kisha amekasirika kwamba hukumwambia yeye, kwa kuwa mimi, anasema, siaminiki hata na chumvi.

Nimeonja. Zote nne. Nilifunga kibanda, nikasafisha kikombe, nikanywa maji katikati kama ulivyonifundisha. Nilipofungua ya kwanza niliijua kabla kikombe hakijafika mdomoni. Ni ileile ya kopo, njugu zilizooza, ila safari hii imevaa koti la kahawa kwa juu, na hilo koti ndilo linalotia kichefuchefu zaidi. Kinyaa cha kopo lako kilikuwa cha wazi. Hiki kimejipaka manukato.

Kwa hiyo neno langu ni ndiyo, mwingajini umo. Na sasa nakuomba usilifuate neno langu.

Sikiliza. Kesho yake nilinunua kahawa nzuri ya dukani nijisafishe. Nikaona nayo inanuka mwingajini. Nikanywa chai: mwingajini. Nimenusa mto wa kitanda: mwingajini. Wifi yako nilimsogelea, na hapo sitaandika nilichosema, ila nililala kwenye kochi. Pua hii imevuta gundi na viatu vya watu tangu ujana. Utaitegemeaje mbele ya wenye kiwanda? Siku moja nitasema ndiyo kwenye kahawa ya mtu mwaminifu, na utamfungia biashara kwa sababu mdogo wako alikuwa na mafua.

Halafu kuna jambo jingine ambalo haliniachi. Asubuhi hii, mahali fulani, kuna mtu ameamka, amechemsha maji, amekunywa hicho kitu chenye muhuri wako, na anamlaumu mkewe kwamba hajui kuosha birika. Mke anaosha tena. Anaosha tena. Na mimi na wewe tunaandikiana barua. Kinyaa nilicho nacho, Dada, si cha kikombe tena.

Sitaonja nyingine. Chumba cha nyuma kipo, kina dirisha, na wifi yako ameshatoa humo viatu vyangu bila kuniuliza. Lakini hilo ni la baadaye. Kwanza mwambie Kijiko. Kama huwezi kuwaambia wenye kiwanda, mwambie yeye.

Mdogo wako anayekupenda, na kunuka.


Julai 6

Mdogo wangu,

Mwambie wifi nimepokea barua yake ndefu na nitaijibu peke yake. Mengine aliyoandika juu yako naona ni ya kweli.

Sikumwambia Kijiko. Nilienda siku ile kama siku zote, koti jeupe, kijiko changu. Walikaa wanne wenye kiwanda kwenye viti vya mikono, na meneja amesimama nyuma yao anafuta jasho. Vikombe vilipangwa. Nikachota, nikavuta, nikazungusha, nikatema. Kijiko akachota, akavuta, akatema. Nikamwangalia nyusi. Zimetulia tuli kama za picha.

Meneja akasema, "Mama, tuseme safi?"

Muhuri ulikuwa mkononi. Nikamfikiria yule mke uliyeniandikia, wa kuosha birika. Sijui kwa nini yeye na si barua yako yote, lakini ni yeye. Nikauweka muhuri mezani, nikasema, "Sijui. Sisikii ladha wala harufu. Sijasikia tangu Januari."

Nilitegemea mmoja wa wale wakubwa ndiye atakayefoka. Badala yake nikasikia kijiko kimedondoka.

"Husikii?" Kijiko akaniuliza. "Dada mkubwa, husikii kabisa?"

"Kabisa."

"Mimi nasikia!" Sauti ilimpanda, sijawahi kumsikia hivyo. "Nasikia uchafu! Tangu Januari nanywa uchafu kwenye meza hii! Kila siku nakuangalia, uso wako umetulia, nasema basi, kama yeye haoni neno, mbovu ni mimi. Nimekwenda kwa daktari wa meno. Nimeng'oa jino, Dada mkubwa! Jino zima, lisilo na ubovu!"

Akafungua mdomo akawaonyesha wenye kiwanda pengo.

Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa namtazama yeye, yeye alikuwa ananitazama mimi, na mwingajini ukapita katikati yetu na muhuri wangu juu yake. Nilimfundisha kila kitu mwanamke yule, na kubwa zaidi nililomfundisha ni kuniamini mimi kuliko kinywa chake. Hapo ndipo nilipojitia kinyaa kweli, kuliko panya, kuliko maziwa.

Mzigo umerudishwa. Pakiti zinakusanywa madukani. Muhuri amepewa Kijiko. Mimi sikufukuzwa siku ile, ila nimeambiwa nibaki hadi mwisho wa mwaka kuwafundisha wengine, bila kuonja, kisha niende. Mmoja wa wakubwa alinishika mkono kwa huruma, wa pili aliupita. Namwelewa wa pili.

Jumatatu waliketi kuonja, Kijiko na wenzake wawili. Mimi nimekaa kwenye kiti changu pembeni. Wakavuta, wakatema, na kabla yeyote hajafungua mdomo, wote watatu wakageuka kuutazama uso wangu. Wanajua sina kitu humo. Wakatazama hata hivyo.

Nikainuka, nikakigeuza kiti kikaelekea ukutani, nikakaa. Ukuta ule una ufa na misumari miwili ya kalenda za zamani. Nyuma yangu nikasikia wakivuta tena, wakatema tena. Kisha Kijiko akasema, polepole, "Hii mbovu."

"Mbovu wapi?" mwenzake akajibu. "Imechachuka kidogo tu."

"Kidogo? Wewe leo umepiga mswaki?"

"Onja tena basi, usinitukane."

"Lete."

Wakaendelea kubishana, sauti zikipanda, vijiko vikigonga vikombe, na mimi sikugeuka.

Dada yako.